Sakafu ya Banda la Gari

Umewahi kukanyaga meno ya reki iliyolazwa uani, mpini ukainuka ghafla na kukupiga kwenye paji la uso? Kama bado, una bahati, au kwenu watu hurudisha vifaa stoo. Iweke akilini hiyo reki. Tutaihitaji tukifika mwaka 1982, maana bila reki sijui nitakuelezaje alichokifanya kijana mmoja wa Florida kwa mguu wake wa mbele.

Jina lake Rodney Mullen. Alizaliwa tarehe 17 Agosti 1966 mjini Gainesville, katika jimbo la Florida, Marekani. Alipokuwa mdogo nyayo zake zilipinda kuelekea ndani, vidole vikitazamana, hata usiku akawa analala amevalishwa vifaa vya kuzinyoosha. Hakuna jirani ambaye angemtazama mtoto yule akabashiri kuwa siku moja watu watalipa fedha kuitazama miguu yake.

Baba yake alikuwa daktari wa meno, mtu mkali, na akishasema lake nyumbani limekwisha. Rodney alipoomba anunuliwe skeitibodi, yaani ule ubao wa kusimamia wenye magurudumu manne, baba alikataa. Hakupenda hatari ya mchezo ule, wala hakuwapenda vijana waliokuwa wakiucheza. Mtoto akaendelea kuomba. Nyinyi mnaijua kazi hiyo: unaomba asubuhi, unaomba jioni, unaosha vyombo bila kuambiwa, kisha unaomba tena. Hatimaye siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1977, akiwa na miaka 10, akaupata ubao wake. Ulikuja na masharti mawili. La kwanza, avae vifaa vya kujikinga kila anapoupanda. La pili, siku atakayoumia sawasawa ndiyo siku atakayouacha.

Hebu litafakari hilo sharti la pili. Watoto wengine wote walijifunza skeitibodi kwa kuanguka. Yeye ilimbidi ajifunze bila kuumia, kama mtu anayefundishwa kuogelea na kukatazwa kulowa.

Kabla hatujaenda mbali, tuuangalie ubao wenyewe, maana wengi mmeuona kwenye simu tu. Siku hizi ubao wa kawaida hutengenezwa kwa tabaka saba nyembamba za mti uitwao mepo, zinazogundishwa kwa gundi na kubanwa mpaka ziwe kitu kimoja. Una urefu wa kama sentimita 80 na upana wa kama sentimita 20, na ncha zake zimekunjwa juu kidogo. Ncha ya nyuma tuiite mkia, ya mbele tuiite pua. Juu yake umebandikwa msasa, uleule wa fundi seremala, ili viatu vishike. Chini kuna ekseli mbili za chuma, na kila gurudumu lina beringi ndani. Magurudumu ya zamani yalikuwa ya udongo mgumu. Yakikutana na kokoto husimama papo hapo, na wewe unaendelea na safari peke yako. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani Frank Nasworthy akaleta magurudumu ya poliurethani, plastiki yenye unyumbufu inayoshika barabara vizuri. Mchezo uliokuwa umedorora ukafufuka kwa sababu hiyo.

Kumbuka jambo moja: ubao haufungwi miguuni. Hauna kamba, hauna sumaku. Umesimama juu yake tu, kama unavyosimama juu ya kigoda.

Miaka ile mashujaa wa mchezo walikuwa California, upande wa pili wa Marekani. Kule ukame wa katikati ya miaka ya 1970 ulifanya mabwawa mengi ya kuogelea ya majumbani yaachwe bila maji, na vijana wakagundua kwamba kuta za bwawa tupu zimepinda vizuri mno. Wakawa wanaruka ua, wanateleza humo mpaka mwenye nyumba atokee. Picha zao zikajaa magazetini: nywele ndefu, ubao hewani, mkono mmoja ukingoni.

Rodney hakuwa na bwawa. Familia ilihamia shambani, mbali na watu, na mahali pake pa kuchezea palikuwa banda la gari la nyumbani, lenye sakafu ya saruji. Sakafu bapa kama meza. Ukiwa na ukuta uliopinda, ukuta wenyewe unakurusha. Ukiwa na sakafu bapa, kama hutajirusha hakuna atakayekurusha. Alibaki humo saa nyingi, peke yake, akirudia kitu kimoja mpaka mwili ukikariri. Ninapoisoma habari ya maisha yake, huwa narudi kwenye sakafu ile. Mengi aliyoyafanya baadaye naona yalianzia pale, kwenye kukosa bwawa.

Ulikuwepo mtindo mmoja uliofaa sakafu ya namna hiyo. Kwa Kiswahili tuuite mtindo huria. Mchezaji huingia uwanja bapa, muziki unapigwa, naye huzungusha ubao, huusimamisha wima, husimama juu ya magurudumu mawili, huugeuzageuza chini ya miguu yake, karibu na ngoma kuliko mbio. Mwaka 1980, akiwa na miaka 14, Rodney alisafiri kwenda San Diego, California, kwenye shindano la wachezaji wa kulipwa lililofanyika uwanja wa Oasis. Bingwa wa dunia wakati huo aliitwa Steve Rocco. Kijana wa shambani akamshinda. Lishike jina la Rocco, litarudi.

Baada ya hapo alichukuliwa na Stacy Peralta, mchezaji wa zamani wa mabwawa aliyekuwa sasa mwenye kampuni ya mbao za skeitibodi pamoja na mwenzake. Peralta alikuwa na kikosi chake, Bones Brigade, na humo alikuwamo kijana mwingine mwembamba wa San Diego aitwaye Tony Hawk. Hawk alikuwa wa kuta, Mullen wa sakafu.

Sasa lete ile reki.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, kijana mwingine wa Florida, Alan Gelfand, ambaye rafiki zake walimwita Ollie, aligundua namna ya kuruka kutoka kwenye ukuta uliopinda bila kuushika ubao kwa mkono. Ruko hilo likaitwa jina lake, oli. Lakini lilihitaji ukuta. Swali la Rodney lilikuwa la mtu asiye na ukuta: je, linawezekana sakafuni? Mwaka 1982 akalijibu.

Fuata polepole. Umesimama juu ya ubao, mguu wa nyuma kwenye mkia, mguu wa mbele katikati. Unaupiga mkia chini kwa nguvu, tak! Mkia ukigonga saruji, pua inainuka, sawa na mpini wa reki ulipokujia usoni. Hapo ubao umesimama mshazari na unadunda kutoka chini. Na wewe, sekunde ileile, umeruka. Ukiishia hapo, ubao utainuka pua juu kisha utaanguka, nawe utaanguka karibu yake. Hapa ndipo mguu wa mbele unapoingia kazini. Unauinamisha kifundo, ubavu wa kiatu unaparuza msasa kuelekea puani, na kwa kuparuza huko unauvuta ubao juu na kuisukuma pua yake mbele. Mkia nao unapanda. Ubao unalala bapa hewani chini ya nyayo zako, kana kwamba umegandishwa. Mtazamaji anasema, "Ameubeba kwa miguu!" Hakuna aliyebeba kitu. Ni msuguano wa kiatu na msasa, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Ukilielewa hilo, umeielewa skeitibodi yote iliyofuata. Bila oli ya sakafuni, ngazi ya mawe ni mwisho wa safari. Ukiwa nayo, unapanda ukingo wa barabara, unaruka ngazi, unatua juu ya benchi. Mji mzima umegeuka uwanja.

Yeye hakuishia hapo. Mwaka 1983 akatoa nyingine: akiwa hewani, vidole vya mguu wa mbele vinadonoa ukingo wa ubao, ubao unabiringika mzunguko mmoja kamili kwa urefu wake, kama mshikaki unaogeuzwa jikoni, kisha anaudaka kwa nyayo magurudumu yakiwa chini. Leo huitwa kikiflipu. Ukidonoa kwa kisigino, ubao unabiringika upande wa pili, hiyo ni hilflipu, nayo ni yake. Kuna nyingine ambamo ubao unauzunguka mguu wa nyuma kama mkia wa nyani kwenye tawi. Jina lake kwa Kiingereza maana yake ni "isiyowezekana". Orodha ni ndefu na sitaimaliza. Wachezaji wengi wa leo wanazifanya kila siku bila kujua zimetoka wapi, kama vile sisi tunavyokula chapati bila kumuuliza mtu nani wa kwanza kukanda unga.

Katika mashindano ya mtindo huria alijaribu 35 akashinda 34. Lile moja alishika nafasi ya pili, nyuma ya Per Welinder wa Sweden.

Ungedhani alikuwa na furaha. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba hofu ya kushindwa ilimtafuna. Anayeshinda kila mara hana cha kuongeza, ana cha kupoteza tu. Nyumbani nako mataji hayakumlainisha baba, ambaye zaidi ya mara moja alimtaka auache ubao akasome. Kusoma alisoma: aliingia Chuo Kikuu cha Florida kwenye uhandisi, na hisabati ameipenda hadi leo. Lakini ubao haukumwachia.

Labda unajiuliza, mtu kama huyu anakula nini? Mchezaji wa mpira ana klabu na mshahara wa mwezi. Mchezaji wa skeitibodi wa kulipwa hana klabu. Ana kampuni inayotengeneza ubao wenye jina lake, na kila unapouzwa naye hupata kiasi chake kidogo. Kampuni ya viatu humlipa avae viatu vyake, kampuni ya magurudumu vivyo hivyo. Zawadi za mashindano ni nyongeza. Kinachouza jina zaidi ni filamu: dakika tatu au nne za kazi yake bora, ambazo pengine alizirekodi kwa mwaka mzima akianguka mbele ya kamera. Watoto hutazama, kisha huenda dukani kutafuta ubao wenye jina lile. Maana yake, siku watoto wakiacha kukutazama, mshahara wako umekwenda.

Na siku hiyo ilifika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vijana waliachana na mtindo huria na kuingia mitaani: ngazi, vyuma vya kushikilia, kingo za majengo. Mtu anayechezesha ubao kwa muziki uwanjani akaonekana kama babu anayecheza santuri. Mashindano ya mtindo huria yakafifia, hata mwanzoni mwa miaka ya 1990 yakawa hayapo tena ya maana. Bingwa alibaki na ubingwa wa kitu kisichokuwepo.

Wakati huo alikuwa ameshahama kwa Peralta. Alikwenda kushirikiana na mtu aliyekuwa ameanzisha kampuni yake, World Industries. Mtu huyo ni nani? Steve Rocco, yuleyule aliyeangushwa naye pale Oasis. Wengine wangewekeana kinyongo maisha yao yote. Hawa walifanya biashara, na kampuni yao ikawa miongoni mwa zilizoutikisa sana mchezo katika miaka ile.

Aliyemtoa uwanjani na kumpeleka mtaani alikuwa Mike Ternasky, mmoja wa waanzilishi wa kikosi cha Plan B. Ternasky alimwona Mullen akiwa mtu mwenye akiba kubwa asiyejua kuwa ni tajiri. Vitu vyote alivyovibuni sakafuni ndivyo vilivyokuwa vikifanywa na vijana wa mitaani, wao wakiwa wanaruka ngazi navyo. Akamshawishi abadili ubao, achukue mpana zaidi, na ajifunze upya katikati ya vijana waliomzidi kasi. Kwa mtu aliyeshinda 34 kati ya 35, kurudi kuwa mwanagenzi si jambo jepesi. Alikubali. Mwaka 1992 ilitoka filamu ya Plan B iitwayo Questionable, na Mullen alikuwemo. Miongoni mwa aliyoyaleta mitaani ni kuugeuza ubao chali, magurudumu yakitazama mbingu, na kuteleza nao hivyo juu ya ukingo kwa upande wenye msasa. Msasa ni wa kushika, yeye akauteleza!

Ternasky hakuishi kuona mengi ya yaliyofuata. Alifariki katika ajali ya gari mwaka 1994.

Mwaka 1997, Mullen akiwa na miaka 30 na ushei, umri ambao wengi wa wenzake walikuwa wameshastaafu, ilitoka filamu iliyomshindanisha na Daewon Song, kijana fundi wa kuteleza juu ya meza na kingo. Iliwapendeza watu hata ikafuatiwa na nyingine, na mwaka 2003 wawili hao wakaanzisha pamoja kampuni ya mbao waliyoiita Almost. Kaka zenu waliocheza PlayStation huenda wanamfahamu bila kujua kuwa ni mtu wa kweli: yumo katika mchezo wa pili wa Tony Hawk, uliotoka mwaka 2000. Waulizeni.

Lakini mwili una daftari lake la madeni. Miaka mingi ya kurukia na kutua kwa namna ileile iliiharibu nyonga yake ya kulia. Makovu ya ndani yaliugandisha mfupa wa paja mahali pake, mguu ukawa hauzunguki. Kwa miaka kadhaa alijitibu kwa namna inayosisimua mwili kuisikia: aliubana mguu kwenye gari lake au kitu chochote kisichosogea, akavuta mpaka makovu yakaachia kidogokidogo. Naandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Msiige. Ukiumia nyonga nenda hospitali.

Alipopona kiasi cha kurudi, hakutaka kurudi alivyokuwa. Kila anayepanda ubao ana upande wake, kama tulivyo na mkono wa kulia au wa kushoto. Wapo wanaotanguliza mguu wa kushoto, wapo wanaotanguliza wa kulia. Mullen alijifunza upya kwa kusudi la kuufuta upande huo, ili isijulikane ni upi wake wa asili. Jaribu kuandika jina lako kwa mkono usiouzoea, halafu fikiria kulifanya hilo ukiwa hewani. Mwaka 2016, akikaribia kutimiza miaka 50, ilitoka filamu fupi inayomwonyesha akifanya hayo, ikiwa imepigwa kwa kamera nyingi zilizomzunguka pande zote. Nyuma yake hakuna mji wala mashabiki. Ni yeye, ubao, na sakafu bapa.

Watu wanaomjua husema hupenda kuteleza usiku wa manane, wengine wakiwa wamelala, mahali asipoonekana na mtu. Banda la gari limekua tu.

Mwaka 2021 skeitibodi iliingia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Tokyo. Medali ya dhahabu ya mtindo wa mitaani kwa wanaume ilichukuliwa na Yuto Horigome wa Japani, na ya wanawake na Mjapani mwenzake, Momiji Nishiya, msichana wa miaka 13. Mullen hakushiriki, umri wake ulikuwa 54. Ila ukitazama marudio ya fainali zile, utaona karibu kila kitu kinaanza na mkia kugonga chini.

Huna haja ya kwenda Tokyo. Kampala, mtaa wa Kitintale, vijana walichimba na kumwaga zege wenyewe kujenga uwanja wao wa skeitibodi katika miaka ya 2000. Nairobi upo mwingine Kangemi, kwenye kituo cha watoto cha Shangilia. Ukipita hapo jioni utasikia mlio huo, tak, tak, tak, kabla hujaona mtu. Ukifika, simama pembeni usiwe njiani mwao, na usiangalie mguu wa nyuma unaopiga kelele. Angalia wa mbele.